Huduma Inayomjali Mgonjwa: Daktari Asemaje, Mwenye Saratani ya Matiti Asemaje?

Wengi wetu tuna mama, dada au shangazi aliyewahi kuambiwa kuwa ana saratani ya matiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 670,000 walifariki. Siku hizi tunasikia kwamba tiba yao inapaswa kumweka mgonjwa katikati. Je, daktari na mgonjwa wanayaelewa maneno hayo kwa namna moja?

Tulikotoka

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mmarekani William Halsted alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote, pamoja na misuli ya kifua na matezi ya kwapani. Hata katika miaka ya 1970, huko Marekani, wanawake wengi wenye uvimbe walisaini fomu, wakapewa dawa ya usingizi, na kinyama kikapimwa wakiwa bado wamelala. Kikionekana kina saratani, titi lilikatwa papo hapo. Mwanamke aliingia chumba cha upasuaji bila kujua kama ataamka akiwa na titi au hana.

Madaktari hao hawakuwa wakatili. Kwao, kumjali mgonjwa kulikuwa kumwokoa upesi. Lakini mwandishi wa habari Rose Kushner, aliyegundulika na saratani mwaka 1974, alidai kipimo na upasuaji vitenganishwe, ili mwanamke apate nafasi ya kujua na kuamua. Mwaka 1979 jopo la wataalamu nchini humo, naye akiwa mjumbe, lilipendekeza hivyo. Mwaka 1985 matokeo ya utafiti ulioongozwa na Dk. Bernard Fisher yalionyesha kuwa, kwa uvimbe uliogunduliwa mapema, kuondoa uvimbe na kufuatisha mionzi kunaokoa maisha sawa na kukata titi lote. Wanawake hao walifuatiliwa kwa miaka 20, na jibu likabaki lile lile.

Tangu hapo, mahali penye njia mbili zinazookoa sawa, elimu ya daktari peke yake haitoshi kuchagua. Inabidi amfahamu na mwenye ugonjwa.

Kila mmoja anaona nini

Daktari akisema anamjali mgonjwa, mara nyingi ana maana ya kumweleza ugonjwa wake, kumpa tiba iliyothibitishwa na kupata ridhaa yake. Ana foleni ndefu mlangoni. Pia ana hofu ya haki: mgonjwa akiachiwa aamue, akachagua vibaya, itakuwaje?

Mgonjwa naye ana maswali ambayo hayamo kwenye faili. Nitaishi niwaone wanangu wakikua? Mume wangu atanitazamaje? Nani atalima shamba? Kwake, kujaliwa ni kusikilizwa hata kabla ya kuandikiwa dawa.

Hata hivyo, wagonjwa wenyewe hawafanani. Utafiti uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 1997 uliwauliza wanawake 1,012 wenye saratani ya matiti ni nani aamue tiba yao. Asilimia 22 walitaka kuamua wenyewe, asilimia 44 walitaka kuamua pamoja na daktari, na asilimia 34 walitaka daktari awaamulie. Walioona wamepata nafasi waliyoitaka walikuwa asilimia 42 tu. Basi, daktari anayeamua yote anamkosea mmoja, na yule anayemwambia kila mgonjwa achague mwenyewe anamkosea mwingine. Dawa yake ni kuuliza.

Hapa kwetu

Tanzania, kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Baadaye Bugando, Mwanza, nayo ikaanza kuitoa. Kwa kawaida mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Tumfikirie mama wa kijijini Kigoma anayeambiwa kuwa titi lake linaweza kubaki. Kitabibu ni habari njema. Lakini atalala wapi wiki zote hizo? Nauli itatoka wapi? Watoto watabaki na nani? Huenda kwake kukatwa titi ndiyo njia anayoiweza, ingawa wapo wanaohitaji mionzi hata baada ya hapo. Daktari asipouliza, ataandika tiba nzuri, na mama atarudi nyumbani asionekane tena kliniki. Swali moja lisiloulizwa linaweza kugharimu maisha.

Halafu wapo ndugu wanaomwomba daktari asimwambie mgonjwa ukweli. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini ni vema mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka kujua kiasi gani, na nani akae naye anapoambiwa.

Sisi tufanye nini?

Tunapomtembelea mgonjwa, tusianze na ushauri. Tumuulize ni jambo gani linalomsumbua zaidi, kisha tunyamaze tusikilize. Tumsaidie kuandika maswali mawili au matatu ya kumpelekea daktari, na akipenda tumsindikize. Jumuiya ndogondogo inaweza kumtafutia nauli, au familia ya kumpokea mjini. Tusimwamulie, wala tusimwambie aache dawa ili asali tu. Mpako wa Wagonjwa na tiba ya hospitali havishindani.

Na kwa mama au dada unayesoma haya ukiwa na uvimbe unaouficha: nenda ukapimwe mapema, wakati njia za kuchagua zingali nyingi. Ukifika mbele ya daktari, mweleze na yale ambayo hakukuuliza.