Arosto ya Vidonge Si Arosto ya Unga

Kila mara ninapozungumzia dawa za kulevya katika kipindi hiki, maswali ninayoletewa huwa ni juu ya unga, bangi na pombe haramu. Ni nadra mtu kuniuliza juu ya vidonge. Sababu yake naielewa. Vidonge huandikwa na daktari, hutoka dukani vikiwa na karatasi ya maelezo ndani, na anayevimeza hapigi kelele mtaani. Lakini juma lililopita mama mmoja wa hapa Mombasa aliniletea swali ambalo nimeona lijibiwe hadharani, kwa maana najua si lake peke yake.

Mwanawe alikuwa akivuta unga. Familia ikakata shauri kumfungia chumbani, kama zilivyofanya familia nyingi za pwani: mlango ukatiwa kufuli, uji na maji vikapitishwa, ndugu wakalala zamu mlangoni. Siku tatu za mwanzo alitapika, akaendesha, akalia, akawatukana wote. Hayo waliyatarajia. Siku ya tano, walipodhani ameanza kupona, alianguka akatupa mikono na miguu, povu likamtoka kinywani. Wazee wakasema ni jini. Kwa bahati nzuri mjomba wake hakukubali, akamkimbiza hospitali, na kijana yu hai. Swali la mama lilikuwa hili: mbona mtoto wa jirani alifungiwa vivyo hivyo, na yeye hakuanguka?

Jibu ni kwamba kijana huyu hakuwa akitumia unga peke yake. Hospitalini ndipo ilipojulikana kuwa kwa muda mrefu alikuwa akimeza bugizi pia.

Kwa wasiolijua jina hilo, bugizi hapa pwani ni Rohypnol, dawa ya usingizi mzito, ingawa mitaani mtu aweza kuuziwa Valium au ndugu yake mwingine kwa jina hilohilo. Wote ni wa ukoo mmoja ambao wataalamu huuita benzodiazepini. Mateja huvimeza ili unga kidogo walioupata uwafikishe mbali, au kutuliza arosto siku mfuko ukiwa mtupu. Kwa hiyo mzazi anayeona unga tu, ameona nusu ya jambo.

Dawa hizi zilipotoka zilipokewa kama baraka. Kabla yake watu walilazwa usingizi kwa dawa za aina ya babituresi, ambazo mtu akizidisha pumzi hukatika. Ndizo zilizokutwa mwilini mwa mcheza sinema Marilyn Monroe alipofariki mwaka 1962. Mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Roche, huko New Jersey, Marekani, ndiye aliyetengeneza dawa za ukoo huu mpya. Librium iliingia sokoni mwaka 1960 na Valium mwaka 1963. Aliyezimeza nyingi, bila kuchanganya na kitu kingine, mara nyingi aliamka. Madaktari wakaona wamepata dawa isiyoua, wakaiandikia kila aina ya wasiwasi. Ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla ya kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza, mwaka 1988, kuwaambia madaktari wasizitoe kwa zaidi ya majuma mawili hadi manne. Wamarekani walichelewa zaidi: mwaka 2020 ndipo idara yao ya chakula na dawa ilipoagiza onyo lake kali kabisa, juu ya uraibu na hatari ya kuacha, liandikwe kwenye maelezo ya dawa zote za ukoo huu.

Sasa, kwa nini kuacha kuwe na hatari? Hebu tulitazame jambo hili pole pole.

Ubongo una breki yake ya asili, kemikali iitwayo GABA, ambayo huutuliza usije ukaenda kasi kupita kiasi. Kidonge cha usingizi hakileti breki mpya. Huikanyaga ileile iliyopo. Usiku wa kwanza wasiwasi hutulia, misuli hulegea na usingizi huja. Lakini ubongo ukiona breki yake inakanyagwa na mgeni kila siku, nao huanza kuilegeza. Ndiyo maana kidonge kimoja kilichotosha mwezi wa Januari, kufika Juni huwa viwili, kisha vitatu. Siku mgeni anapoondoka ghafla, mtu hubaki na breki iliyolegea, kama lori linaloteremka Salgaa. Hutokwa na jasho, hutetemeka, hakeshi usiku mmoja bali mingi, huona vitu visivyokuwapo, na wengine hupatwa na kifafa. Kifafa hicho huweza kuua.

Arosto ya unga ni mateso makubwa, wala sisemi ni jambo dogo. Lakini kwa kijana mwenye afya anayepata maji ya kutosha, ni mara chache kumwua. Huanza katika saa chache, hukolea siku ya pili na ya tatu, na kabla ya juma kwisha huwa imepungua. Familia zetu zimejifunza ratiba hiyo kwa machozi, na zimejifunza sawasawa. Kosa ni kuitumia ratiba ya unga kwa vidonge. Valium hukaa mwilini kwa siku nyingi, kwa hiyo arosto yake huweza kuchelewa, ikafika wakati walinzi mlangoni wamekwisha kurudi kazini. Hilo ndilo lililotokea katika nyumba ya mama huyu.

Na si chumbani tu. Mshukiwa aliyekamatwa Ijumaa akawekwa rumande hadi Jumatatu, akianza kutetemeka, askari husema anajifanya. Kwenye nyumba za maombi husemwa pepo wanatoka. Sipingi maombi, lakini kifafa cha namna hii kina tiba, na tiba yenyewe ni ya ajabu kidogo: ni Valium hiyohiyo, mikononi mwa daktari. Dawa hii ina heshima yake hospitalini, na haifai kutukanwa kwa sababu ya wanaoitumia vibaya.

Tusidhani pia kwamba haya ni ya mateja peke yao. Kuna mwalimu mstaafu aliyeandikiwa vidonge vya majuma mawili alipofiwa, na cheti kilekile kikazungushwa madukani kwa miaka sita. Huyo hakuvunja nyumba ya mtu. Lakini hukumbuki alichoambiwa jana, huanguka akienda msalani usiku, na nyonga ya mzee ikivunjika si jambo la kucheka. Kuna dereva aliyemeza saa nne usiku akashika usukani saa kumi na moja alfajiri, dawa ikiwa bado imo. Nimeona, na inaniudhi, kwamba kijana mwenye bugizi mfukoni huitwa mhalifu, na bibi mwenye Valium kwenye mkoba huitwa mgonjwa, ilhali ubongo wao umelegezwa breki kwa namna moja. Wale wanaowatilia watu "mchele" kwenye vinywaji vya baa, hao ni wahalifu kweli, na wanafaidika na sifa moja ya dawa hizi: aliyenyweshwa huweza kutembea na kuzungumza, hata kutaja namba zake za siri, na asubuhi asikumbuke lolote. Zikichanganyika na pombe, au na unga, ile sifa ya kutoua haipo tena, pumzi huzimika.

Sheria tunayo. Ile ya mwaka 1994 juu ya dawa za kulevya inazitaja dawa za namna hii, na duka la dawa halina ruhusa ya kuziuza bila cheti. Mwenye duka anayeuza kidonge kimoja kimoja kwenye karatasi ya gazeti analijua hilo kuliko mimi.

Nikirudi kwa wazazi: kabla hamjatia kufuli, muulizeni kijana kwa upole anameza nini zaidi ya unga, na tafuteni pakiti tupu chini ya godoro. Mkiona vidonge vimo, msimfungie, wala msivitupe chooni. Mpelekeni hospitali. Daktari humpunguzia kidogo kidogo, pengine sehemu moja ya kumi kila baada ya juma moja au mawili, na kazi hiyo huchukua miezi. Akianguka kifafa kabla hamjafika, mlazeni ubavu, msimtie kijiko kinywani, na mkifika hospitali mwelezeni daktari mambo matatu: alikuwa akimeza nini, kwa muda gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.