Shahada ya Kriminolojia na Kazi Inayosubiri Nje ya Kituo cha Polisi

Kriminolojia, yaani taaluma inayochunguza uhalifu, mazingira yanayouzaa, watu wanaoutenda na wanaoumizwa nao, pamoja na namna jamii inavyoukabili, ni somo ambalo vijana wengi nchini Kenya hulichagua wakitumaini kuwa wapelelezi, ilhali sehemu kubwa ya mafunzo yake haihusu upelelezi. Anayelinganisha alama za vidole au kupima damu iliyokutwa kwenye nguo ni mtaalamu wa maabara ambaye msingi wake ni kemia na biolojia, na anayechunguza mwili wa marehemu ni daktari. Mwanakriminolojia hulelewa na sosholojia, saikolojia na sheria, na humwachia mpelelezi swali la nani alivunja duka jana usiku ili yeye aulize kwa nini maduka ya mtaa huo huvunjwa mara nyingi kuliko ya mtaa wa pili.

Historia ya taaluma hii inastahili kusomwa kwa makini kwa sababu makosa yake yaliwaumiza watu. Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milan alitetea hoja kwamba uhakika wa kuadhibiwa huzuia uhalifu kuliko ukali wa adhabu yenyewe, lakini karne moja baadaye, mwaka 1876, daktari Cesare Lombroso alidai kwamba wapo watu waliozaliwa wahalifu na kwamba hutambulika kwa maumbile ya fuvu na uso, dai ambalo utafiti ulilibomoa ingawa mazoea ya kumshuku mtu kwa sura yake hayajatoweka popote. Jibu lenye uzito zaidi lilitoka Chicago, ambako Clifford Shaw na Henry McKay, katika kitabu chao cha mwaka 1942, walionyesha kwamba mitaa fulani iliendelea kuwa na viwango vya juu vya makosa ya vijana hata baada ya jamii zilizoishi humo kuhama na nyingine kuingia, kwa hiyo chanzo kilipaswa kutafutwa katika hali ya mtaa na si katika asili ya wakazi. Mwanafunzi wa Nairobi anayelielewa jambo hilo hawezi tena kuridhika na kauli kwamba vijana wa mtaa fulani ni wezi kwa asili. Edwin Sutherland naye, mwaka 1939, aliwakumbusha wanasosholojia wenzake kwamba uhalifu hutendwa pia na wenye vyeo na heshima wakiwa kazini, somo ambalo nchi yenye kesi za ubadhirifu wa zabuni za umma inalihitaji mno.

Kuhusu ajira, shahada peke yake haimpi mtu cheo cha upolisi, kwa kuwa anayetaka kuvaa sare hana budi kupitia usajili na mafunzo ya chuo cha polisi kama kile cha Kiganjo. Magereza, tume ya kupambana na ufisadi, vitengo vya benki vinavyofuatilia ulaghai na kampuni za ulinzi huweza pia kuwahitaji wahitimu hawa.

Hata hivyo, kazi inayoitumia elimu hii kwa ukamilifu zaidi ni ile ya afisa wa probesheni, na inasikitisha kwamba wazazi wachache huitaja wanapowashauri watoto wao. Afisa huyu hutumwa na mahakama kuandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii, yaani maelezo ya maisha ya mtu aliyetiwa hatiani, na ili kuiandika hufika nyumbani kwake, huzungumza na familia, chifu na majirani, na humsikiliza pia aliyedhulumiwa, ndipo hakimu apate msingi wa kuamua adhabu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1998 kuhusu huduma kwa jamii inaruhusu mtu ambaye kifungo kinachomfaa hakizidi miaka 3 atumikie adhabu kwa kufanya kazi ya umma bila malipo, kama kupanda miti au kukarabati shule, huku akiendelea kulala kwake. Mama aliyepatikana akipika chang'aa bila leseni akifungwa, watoto wake hubaki bila mlezi na huenda wakaingia katika njia ileile ambayo mahakama ilikusudia kuifunga. Ripoti nzuri humwonyesha hakimu hatari hiyo mapema.

Ipo pia kazi ya utafiti, ambayo Kenya iliitungia sheria mwaka 1997 kwa kuanzisha Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu. Mtafiti hushughulika na uhalifu uliofichika, yaani makosa yasiyofika polisi kwa sababu ya aibu, hofu au kukosa imani, hasa ubakaji na vipigo vya nyumbani, na huwahoji wananchi wenyewe badala ya kutegemea daftari la kituo pekee. Kwa hiyo anayechagua chuo afaa kuuliza takwimu zinafundishwa kwa kina gani na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya nyanjani, kwani miezi michache katika ofisi ya probesheni iliyo karibu na mahakama ya hakimu itamjulisha, kabla hajahitimu, kama anaweza kukaa na mtu aliyekosa na kumsikiliza hadi mwisho.