Asili ya Majina ya Mahali: Maji na Rangi Chini ya Mlima Meru

Miongoni mwa majina yanayotajwa kila siku jijini Arusha bila ya maana yake kukumbukwa, Ngarenaro ndilo linalostahili kutangulia, kwa kuwa katika silabi zake nne mmehifadhiwa sarufi ya Kimaa, yaani lugha ya Wamaasai na ya Waarusha. Asili yake ni enkare narok: enkare ni maji au mto, na narok ni -eusi. Kiswahili, ambacho kwa desturi hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, kiliidondosha k ya mwisho, kikaimeza e ya mwanzo, kisha kikayaunganisha maneno mawili kuwa jina moja. Ushahidi wa maelezo haya uko nchini Kenya, ambako mji wa Narok ulipata jina lake kutokana na mto unaoitwa kwa maneno hayohayo, ila wenyewe ukabaki na k yake hadi leo.

Kimaa hugawa nomino zake kwa jinsi, ya kiume na ya kike, mgawanyo ambao Kiswahili hakina kwa sababu chenyewe hutumia ngeli. Maji yamo katika jinsi ya kike, ndiyo maana yakafuatwa na narok. Mlima, oldoinyo, ni wa kiume, nao hufuatwa na orok, kama ilivyo kwa Oldoinyo Orok, mlima mweusi ulio karibu na Namanga. Oldonyo Sambu, kwenye barabara iendayo mpakani huko, ni mlima wa rangi zilizochanganyika, kwa neno ambalo wafugaji hulitumia kumweleza ng'ombe mwenye mabaka. Na hilo si ajabu, kwani msamiati wa rangi wa Kimaa umekuzwa zaidi zizini kuliko mahali pengine popote. Weusi wenyewe usidhaniwe kuwa sifa mbaya. Katika imani ya jadi ya Wamaasai, Enkai Narok, Mungu mweusi, ndiye mpole aletaye mvua na malisho, ilhali Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, ndiye mwenye ghadhabu.

Neno hilo la pili, nanyokie, ndilo lililozaa Ngarenanyuki, maji mekundu, jina la mto na kata iliyoko kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, na pia jina la mji wa Nanyuki nchini Kenya. Ngarenanyuki ilijulikana mbali sana mwaka 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipowahamisha Wameru kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akayafikisha malalamiko ya watu wake Umoja wa Mataifa mjini New York. Inafaa izingatiwe kwamba waliofukuzwa walikuwa wasemaji wa Kimeru, lugha ya Kibantu, na mahali walipopapigania palikuwa na jina la Kimaa. Haki yao haikupungua hata chembe kwa sababu hiyo, na wale wanaotumia asili ya jina kama hati ya kumiliki ardhi wanalibebesha neno mzigo usio wake.

Jina la jiji lenyewe nalo lilihamia. Waarusha hujiita Ilarusa, na sehemu yao iliyokuja kulima kwenye miteremko ya Meru katika miaka ya 1830 ilitoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi, kwenye tambarare ambayo leo ina mashamba makubwa ya miwa. Ndiyo maana makao mapya yalitofautishwa kwa kuitwa Arusha Juu. Baadaye neno Juu likaachwa, na mahali pa asili pakabaki na neno Chini.

Jina lililozushiwa hadithi nyingi kuliko yote ni Boma, ngome ambayo Wajerumani waliikamilisha mwaka 1900 na ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia. Husimuliwa, hata na baadhi ya wanaowatembeza watalii, kwamba boma ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayohusu mamlaka ya Uingereza ya kusimamia nchi za ng'ambo. Simulizi hiyo haina ukweli, na kuirudia ni kuwapa wageni neno ambalo si lao. Henry Stanley alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kwa maana ya ua wa miiba uliozungushiwa kambi, nayo kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, inalo. Waingereza nao waliiteka Arusha mwaka 1916, neno likiwa limekwisha kuandikwa zamani. Wajerumani walilikuta neno tayari katika Kiswahili, likiwa na maana ya ua na ya ngome, wakaliita jengo lao hivyo, na kwa kuwa jengo hilo lilikuwa makao ya mtawala, boma likaja kumaanisha ofisi ya serikali ya wilaya, huku wafugaji wa Monduli na Longido wakiendelea kuliita hivyo zizi pamoja na nyumba zinazolizunguka.