Tetesi za usajili: nani anazipika, na mchezaji anahama kwa ajili ya nini?

Mwishoni mwa Desemba 2022, ligi ikiwa katikati, kiungo Feisal Salum, Fei Toto wa mashabiki, aliirudishia Yanga shilingi milioni 112 na kuaga. Kati ya hizo, milioni 100 zilikuwa fedha ya usajili, na milioni 12 zilikuwa sawa na mshahara wake wa miezi mitatu. Kwa hesabu yake alikuwa amemaliza deni, mkataba umevunjika, naye ni mchezaji huru. Yanga walikataa. Mkataba ulikuwa unakwenda hadi Mei 2024, na Januari 2023 Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ya TFF iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, akashindwa tena.

Kwa miezi sita vijiwe vilibishana nani ana shukrani na nani hana. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini wachezaji wanahama, tarakimu zile zina maneno mengi kuliko ubishi wote. Gawanya milioni 12 kwa miezi mitatu: mshahara ni milioni 4 kwa mwezi. Sasa chukua milioni 100 ya usajili ugawanye kwa milioni 4. Unapata miezi 25. Yaani siku moja ya kusaini ilikuwa na thamani ya miaka miwili na mwezi mmoja wa kwenda mazoezini kila asubuhi.

Siku ya kusaini

Tunaposoma habari za Ulaya tunaambiwa mchezaji analipwa kiasi gani kwa wiki. Kwetu lazima uulize mambo mawili: mshahara, na fungu analopewa siku anapoweka saini. Kwa wachezaji wengi wa ligi yetu, mshahara ni wa kula, kulipa kodi na kutuma nyumbani. Fungu la usajili ndilo la kiwanja, la nyumba ya mama, la duka la mdogo wake. Na fungu hilo haliji kila mwezi. Linakuja mkataba unapoanza, halafu linanyamaza mpaka mkataba mwingine.

Weka hapo umri. Mchezaji anayeanza kucheza Ligi Kuu akiwa na miaka 20, akijaliwa afya, ana miaka 10 au 12 mbele yake. Kwa mikataba ya miaka miwili miwili, siku za kusaini ni tano au sita maisha yote. Goti likiharibika, zinabaki mbili. Mkulima mwenye misimu sita tu ya kuvuna, hata ungekuwa wewe, ungeangalia mvua kila jioni.

Kuna jambo lingine. Bei iliyo kwenye mkataba ni bei ya siku uliposainiwa, na soko halisimami. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya ligi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na wadhamini na wafadhili nao walikuwa wameongeza mkono kwenye klabu kubwa. Fedha mpya ikiingia hivyo, anayefaidi kwanza ni anayesaini leo. Aliyesaini juzi anabaki na bei ya juzi, huku akimpasia mpira mwenzake aliyekuja na bei mpya. Mama yake Feisal alipojitokeza na kusema mwanawe alikuwa akila ugali na sukari, mashabiki wa upande mmoja walicheka na bado wanacheka. Mimi naona mama yule alisema kwa lugha ya jikoni jambo ambalo wachezaji wengi hulisema kwa wakala wao, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa nini milioni 112 hazikutosha

Mkataba wa mchezaji ni wa muda maalumu. Kwa kanuni za FIFA, ambazo vyama vya nchi huzifuata, unakwisha muda wake ukifika, au pande mbili zikikubaliana. Mtu akiuvunja peke yake lazima awe na sababu ya msingi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mshahara: mchezaji asipolipwa kwa miezi miwili, akaiandikia klabu na kuipa siku 15, na klabu isilipe, anaweza kuondoka. Kutaka maisha bora zaidi ni haki ya binadamu yeyote, ila kwenye kanuni hizo si sababu ya msingi.

Kanuni zina meno pia. Aliyesaini kabla ya kufikisha miaka 28 analindwa na kubanwa kwa miaka mitatu ya kwanza ya mkataba. Aliyesaini baada ya umri huo, miaka miwili. Akivunja bila sababu ndani ya kipindi hicho anaweza kufungiwa miezi minne, juu ya fidia. Fidia yenyewe hapangi mchezaji. Kama mkataba una kipengele kinachotaja kiasi cha kuuvunjia, kinalipwa kiasi hicho. Kama hakuna, klabu inayomtaka inakaa mezani na klabu inayommiliki.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni. Feisal alikaa nje nusu msimu, na katika nusu ile ile Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger bila yeye. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliialika timu Ikulu na kuwaomba viongozi walimalize suala la kijana yule. Siku chache baadaye klabu mbili zilielewana na akatambulishwa Azam FC. Msimu wake wa kwanza huko alifunga mabao 19 ya ligi.

Jikoni kwa tetesi

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye usajili methali hiyo uitumie kwa tahadhari, maana hapa lisemwalo mara nyingi limetumwa.

Fikiria wakala ambaye mchezaji wake amebakiza miezi minane. Klabu inasuasua kumpa mkataba mpya. Wakala anamnong'oneza mwandishi mmoja kwamba kuna ofa kutoka Morocco. Jioni habari iko kwenye kipindi cha michezo, asubuhi iko magazetini, mchana mashabiki wanapiga simu wakidai uongozi umelala. Ofa ya Morocco inaweza kuwepo au isiwepo. Kazi yake imeshafanyika. Klabu nazo zinajua mchezo huo. Inayouza hutaja wanunuzi watatu ili aliyepo mmoja apandishe dau. Inayonunua huvujisha jina la mshambuliaji mwingine ili huyu wa kwanza asijione peke yake duniani. Na kiongozi ambaye timu yake imefungwa Jumapili hana dawa bora ya Jumatatu kuliko jina kubwa la dirisha lijalo. Redio nazo zimo: hakuna mada inayojaza simu studio kama usajili, na hakuna mada ambayo gharama yake kwa mtangazaji ni ndogo kiasi hicho.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: mkataba wake unaisha lini? Kanuni zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kuzungumza na kusaini na klabu nyingine, ajiunge nayo mkataba ukiisha, bila klabu yake kupata hata senti. Tetesi kuhusu mtu aliyebakiza miaka miwili na nusu ni hadithi ya klabu mbili na fedha nyingi. Tetesi kuhusu aliyebakiza miezi mitano ni hadithi ya mtu mmoja na kalamu.

Dirisha kubwa la mwaka 2024 lilitupa mifano miwili kwa mpigo. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alimaliza mkataba na Simba mwezi Juni. Tarehe 1 Julai Yanga wakamtangaza. Wengi waliuita umafia, lakini kikanuni hakukuwa na umafia wowote: mkataba uliisha, na jirani akafungua mlango. Upande wa pili, Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa ligi msimu huo kwa mabao 21, naye alikuwa amefika mwisho wa mkataba na Yanga, na majina ya klabu za nje yalitajwa kila siku. Akasaini upya. Wapo waliosema kumbe tetesi zote zilikuwa uongo. Mwaka mmoja baadaye, 2025, aliuzwa Wydad Casablanca. Kama angeondoka 2024, Yanga wangebaki na picha. Kwa kusaini upya, yeye alipata siku nyingine ya kusaini, na klabu ikapata kitu cha kuuza.

Swali la pili ni la nafasi. Klabu ya Ligi Kuu Tanzania inaruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Ukisikia wa kumi na tatu anakuja, kuna mmoja ambaye barua yake ya kuagwa inaandikwa. Ndiyo sababu zile picha za kuaga mitandaoni huja kabla ya za kutambulisha, na ndiyo sababu mchezaji wa kigeni aliyekaa benchi miezi mitatu husikiliza tetesi kwa makini kuliko shabiki yeyote. Nafasi anayoletewa mgeni ni yake.

Nje, na bei ya benchi

Fedha si kila kitu, ingawa ndiyo inayotajwa kwanza. Fiston Mayele alitoka Yanga mwaka 2023 akiwa amefunga mabao 17 ya ligi, akaenda Pyramids ya Misri. Kuna waliomshangaa: kutoka kwenye uwanja unaotikisika hadi klabu isiyo na mashabiki wengi hata mjini kwake. Juni 2025 alifunga bao katika mchezo wa marudiano wa fainali, Pyramids wakiifunga Mamelodi Sundowns na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Kelele za jukwaani ni tamu, lakini hakuna mchezaji anayestaafu nazo.

Luis Miquissone alipata upande wa pili wa shilingi. Februari 2021 aliifungia Simba bao pekee dhidi ya Al Ahly kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na miezi michache baadaye Al Ahly hao hao wakamnunua. Cairo alicheza kidogo, akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia, na mwaka 2023 alikuwa amerudi Msimbazi. Klabu kubwa ikikununua haijakuahidi dakika. Imekuahidi mshahara, na mchezaji asiyecheza hupoteza bei na jezi ya taifa kwa wakati mmoja.

Hata Mbwana Samatta, aliyepanda ngazi bila kuruka hata moja, alilionja hilo. Kutoka Simba alikwenda TP Mazembe mwaka 2011, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015, akahamia Genk Januari 2016 na kuwa bingwa wa Ubelgiji 2019. Januari 2020 Aston Villa walimsajili kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Kwetu ilikuwa sikukuu: Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya England. Kwa Villa lilikuwa pengo la kuziba, kwa sababu mshambuliaji wao Wesley alikuwa ameumia goti siku ya mwaka mpya. Samatta alifunga katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, na akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Septemba mwaka huo huo Villa walimnunua Ollie Watkins, na Samatta akaenda Fenerbahçe. Miaka minne na nusu kwenye karatasi ilikuwa miezi minane.

Kuna pia karatasi ambazo mchezaji hana mamlaka nazo. Januari 2010 Mkenya McDonald Mariga alikubaliwa Manchester City akitokea Parma. Kibali cha kazi kilikwama, kwa kuwa Uingereza wakati huo iliangalia nafasi ya nchi ya mchezaji kwenye orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa mbali. Waziri Mkuu Raila Odinga aliingilia kati, lakini usajili ule haukukamilika. Mariga akaenda Inter Milan, na Mei mwaka huo Inter wakawa mabingwa wa Ulaya. Tetesi za Manchester zilikuwa za kweli kabisa. Kilichokosekana ni muhuri.

Na wakati mwingine kila kitu kinakuwepo, muhuri, saini na picha, isipokuwa fedha. Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kujivunia. Miezi ikapita bila Simba kulipwa, kesi ikapelekwa FIFA, na Okwi mwenyewe akaondoka Tunisia akidai mishahara yake. Alirudi Uganda akacheza SC Villa, na Desemba 2013 akasajiliwa na Yanga, jambo lililowauma Simba kuliko deni lenyewe. Mwaka 2014 akarudi Simba. Mwaka 2015 akaenda Denmark, na 2017 akarudi Simba tena, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20. Mashabiki wa pande zote mbili wamemwita msaliti kwa zamu. Hesabu mara alizosaini tangu alipotoka Tunisia.