Tabora na Visiwani: Njia Iliyotangulia Misafara

Mtu wa Unguja au Pemba afikaye Tabora kwa mara ya kwanza huonyeshwa miembe. Huambiwa kwamba hapa ndipo ilipopita misafara ya pembe na watumwa baina ya Bagamoyo na Ujiji, kisha hupelekwa Kwihara kuiona tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Hayo ni kweli, nayo yastahili kuonyeshwa. Lakini mgeni hurudi kwao akiamini kwamba historia ya Unyamwezi ilianza siku alipowasili mtu wa pwani. Imani hiyo si sahihi, na inamdhulumu mtu wa visiwani mwenyewe kama inavyomdhulumu Mnyamwezi.

Tuanze na chumvi. Huko Uvinza, katika njia hiyo hiyo ya kwenda Ujiji, pana chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale, Sutton na Roberts, walifukua pale katika miaka ya 1960 wakakuta dalili kwamba chumvi ilikuwa ikichemshwa tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Chumvi ya namna hiyo haipikwi kwa ajili ya kijiji kimoja. Palipo na chumvi watu huja kutoka mbali, na nyayo zao hufanya njia. Wafanyabiashara wa pwani walipopanda bara katika karne ya 19 walikuta imekwisha kukanyagwa, na Wanyamwezi wamekwisha kuteremka pwani na pembe zao.

Watu hao walitoka wapi? Asili ya lugha zao ni mpakani mwa Nigeria na Kamerun ya leo, miaka ipatayo 4,000 au zaidi iliyopita. Halikuwa jeshi lililopiga kambi na kung'oa kambi. Walikuwa wakulima waliohama shamba kwa shamba, mjukuu akilima mbele kidogo ya alipolima babu. Walifika kandokando ya Ziwa Nyanza yapata miaka 2,500 iliyopita, wakifua chuma, na katika karne za mwanzo baada ya Kristo jamaa zao walikuwa wamefika pwani. Ndiyo maana Mnyamwezi husema munhu, numba na nzila, na mtu wa visiwani akaelewa bila mkalimani.

Wala hawakukuta nchi tupu. Wahadzabe na Wasandawe wangali mashahidi wa waliotangulia. Visiwani nako, mifupa ya zaidi ya miaka 1,300 iliyopatikana katika pango la Kuumbi, Unguja, na pango la Makangale, Pemba, ilipochunguzwa chembe zake za urithi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha ni ya jamaa wa wawindaji wa kale wa bara. Mifupa mingine ya Makangale, yenye miaka ipatayo 600, ni ya kizazi cha wale wakulima.

Tunajua swali litakalofuata: na Shirazi je? Uchunguzi wa mwaka 2023, uliohusu mabaki ya watu 80 wa miji ya kale kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha kwamba wageni wa Uajemi walichanganyika na wenyeji tangu karibu na mwaka 1000. Urithi wa upande wa akina baba ulitoka ng'ambo kwa wingi. Wa akina mama ulikuwa wa Afrika. Basi mzee asemaye babu zake walitoka Shirazi huenda hasemi uongo, ila amemsahau bibi.

Majina nayo yasitutishe. Sukuma maana yake ni kaskazini, na Dakama ni kusini. Hata Nyamwezi ni jina la watu wa pwani waliotazama magharibi, unakoandama mwezi. Yanaonyesha alikosimama msemaji, si tumbo alilozaliwa mtajwa.

Mwaka 2006 njia kuu ya misafara iliingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, kwa jina la biashara ya watumwa na pembe. Tunawaomba wakuu wanaohusika, bara na visiwani, kwamba maelezo watakayompa mgeni yaanzie mbele zaidi ya hapo: kwanza pango la Kuumbi, kisha chumvi ya Uvinza, na ndipo miembe.