Barabara Iliyopona Mafuriko Haijapona

Oktoba 2019 mvua kubwa za vuli zilishuka Mkoa wa Tanga, zikaua watu wilayani Handeni na kuikata barabara ya lami ya Korogwe–Handeni, njia ya kilomita 65. Katika janga la namna hiyo macho yote huenda pale palipokatika: tuta limemeguka, kalavati limesombwa, abiria wanashuka basi moja na kuvuka kwa miguu kufuata jingine. Ni haki kuanzia hapo. Lakini palipokatika hujengwa upya, tena haraka, kwa kuwa kila mtu amepaona. Kinachonitia wasiwasi ni kilomita zilizobaki, zile zilizolowa hadi ndani, kisha maji yakapungua na magari yakaruhusiwa kupita kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nguvu ya barabara zetu nyingi haiko kwenye lami. Lami ni kifuniko tu. Mzigo hubebwa na kokoto na kifusi kilichoshindiliwa chini yake, na chini zaidi ardhi yenyewe. Kokoto zikiwa kavu hubanana na kushikana. Maji yakituama kando ya tuta kwa siku kadhaa, hupenya kupitia mabegani na kwenye nyufa, yakajaza nafasi zilizo kati ya mawe. Lori likipita juu yake, maji hayo hukosa pa kwenda na kuyasukuma mawe yaachane. Angalia ufa wa barabara iliyolowa wakati tairi zito linapoukanyaga: maji ya tope huruka juu. Tope lile ni msingi wa barabara unaotoka kidogo kidogo. Miezi inapita, lami inapasuka vipande vidogo kama magamba ya mamba, mashimo yanafuata, na kwa kuwa mvua imeshasahaulika lawama zote zinamwangukia mkandarasi. Mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbugani, hali ni mbaya zaidi, maana udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na barabara iliyo juu yake huinuka na kushuka nao.

Madhara haya yasiyoonekana yameshapimwa. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, watafiti wa barabara wa jimbo la Louisiana, Marekani, walilinganisha barabara zilizozama eneo la New Orleans na zile zilizobaki nchi kavu. Za lami zilizozama zilikuwa zimepungukiwa nguvu sawa na kubanduliwa lami ya unene wa sentimita 5 hivi. Barabara zetu nyingi za mikoani zina lami nyembamba kuliko hiyo.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mafuriko yakishapita, malori mazito yazuiwe kwa muda hadi msingi ukauke na upimwe. Najua pingamizi lake, na lina uzito: mkulima wa machungwa au mahindi hawezi kuyaambia mazao yasubiri, na bei ya sukari na mafuta hupanda siku ileile malori yanapokwama. Ila kuzuia uzito si kufunga njia. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ekseli iliyobeba tani 8 badala ya 10 huichosha barabara chini ya nusu. Pikipiki, gari la wagonjwa, basi dogo na lori lililopunguziwa mzigo viendelee kupita. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 56 kwa lori kubwa kabisa, lakini kiwango hicho ni cha barabara nzima, si cha barabara iliyotoka majini jana.

Kwenye kata kama Kang'ata, ambako watu wanategemea barabara za udongo na changarawe kufika Handeni mjini, mambo ni tofauti kidogo. Huko kinachookoa njia ni mgongo wake. Barabara ya upana wa mita 6 inatakiwa katikati iwe juu ya kingo kwa sentimita 15 hivi ili maji yamwagikie mitaroni. Mgongo ukishasawazishwa na magurudumu, maji hufuata njia ya matairi, huchimba, na mvua chache tu huacha korongo ambalo greda moja haliwezi kulifuta.

Wapo wanaosema mvua za 2019 zilizidi kipimo cha mhandisi yeyote. Ni kweli kwamba Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto lisilo la kawaida mwaka ule, na kalavati lina kikomo. Lakini kalavati lililojaa mchanga na magogo hufikia kikomo chake mapema mno, kwa mvua ya kawaida tu. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na vuli hugonga hodi Oktoba. Zabuni za kuzibua makalavati na mitaro, ziwe za TANROADS kwa barabara kuu au za TARURA kwa njia za Kang'ata, zinapaswa kuandaliwa kabla ya Julai, ili Agosti na Septemba mafundi wawe kazini wakati udongo ungali mkavu.