Kibla cha Wasafiri wa Anga

Jioni moja tulikuwa wageni wa ndugu yetu katika mtaa wa Kikuyu, Dodoma. Watoto wake walikuwa wakitazama hadithi ya zamani katika mfululizo wa Star Trek, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Marekani tarehe 8 Novemba 1968. Yasimulia habari za kaumu ambayo jua lake liliangamia, ikatiwa ndani ya mwamba mkubwa uendao angani. Wamesafiri miaka 10,000 bila kujua kuwa ni wasafiri. Wadhani mwamba ule ndio dunia, na dari yake ndiyo mbingu. Mzee mmoja alikuwa amepanda mlima akaigusa dari ile kwa mkono wake. Alipothubutu kuyasema hayo, chombo alichotiwa kichwani kikamwua.

Binti wa nyumba akamgeukia baba yake: "Baba, watu kama hawa wakiwa Waislamu, watasali wakielekea wapi?" Baba yule, mtu mwema na mcha Mungu, akamkemea asilete upuuzi katika dini. Binti akanyamaza. Nasi, kwa haya ya ugeni, hatukusema neno. Ndiyo sababu twaandika leo.

Swali lile limekwisha kuulizwa na wakubwa. Daktari Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, tarehe 10 Oktoba 2007, Ramadhani ikiwa haijaisha. Kituo alichokwenda kukaa huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, basi jua huchomoza na kuchwa kiasi cha mara 16 kwa siku moja. Je, asali sala 80? Wanavyuoni wa Malaysia wakatoa mwongozo: sala ni 5 katika saa 24, kwa kufuata nyakati za mahali aliporushwa. Aielekee Kaaba akiweza. Asipoweza, upande wa anga ulio juu ya Kaaba. Asipoweza, aielekee dunia. Na hilo nalo likimshinda, popote. Akishindwa kusujudu aashirie, hata kwa kope za macho. Saumu aliruhusiwa kuiakhirisha, ailipe arudipo.

Wala si mambo mageni katika nchi hii. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa Ugogo, penye kiu na hongo, na Waislamu waliokuwamo walikuwa na rukhsa ya msafiri kupunguza sala, iliyomo katika sura Annisaa, aya ya 101. Bagamoyo kibla ni karibu kaskazini kabisa. Dodoma chaegemea mashariki kidogo. Ujiji chaegemea zaidi. Mwenye msafara ilimpasa kukitafuta upya kila alikotua.

Na juu ya kuuliza: watu walimwuliza Mtume (s.a.w.) habari za miezi miandamo, ikateremka aya ya 189 ya sura Albaqara kuwajibu. Walijibiwa, hawakukemewa.

Tumemwomba baba yule ruhusa ya kuyaandika haya. Amekubali, kwa sharti kwamba nakala ya kwanza apelekewe binti yake.